Nakala Iliyokwama Mbozi: SACCOS ya wakulima wa kahawa na programu huria ya mikopo

Mwishoni mwa mwaka 2022 mradi wa Apache Fineract ulitangaza udhaifu wa usalama katika programu yake huria ya kuendeshea akiba na mikopo, yaani programu ambayo yeyote anaruhusiwa kuichukua na kuibadilisha. Sehemu inayopokea mafaili, ambayo karani wa SACCOS huitumia kupandisha picha ya kitambulisho cha mwanachama, ilikuwa na upenyo. Mtu aliyekwisha kupewa jina la kuingilia na nywila angeweza kuupitia upenyo huo na kuendesha amri zake mwenyewe ndani ya seva. Toleo la 1.8.0 na yote yaliyolitangulia yaliguswa. Dawa ilikuwa kuhamia 1.8.1.

Kwa anayetumia Fineract kama ilivyotoka kiwandani, kazi hiyo haimnyimi mtu usingizi: unachukua nakala rudufu ya hifadhidata, unasasisha, unapima, unaendelea na shughuli. Kwa chama kimoja cha akiba na mikopo wilayani Mbozi, ambacho wanachama wake wengi ni wakulima wa kahawa, ilishindikana. Mfumo wao ulikuwa umetokana na Fineract, lakini ulikwisha kuachana nayo kiasi kwamba hakuna toleo jipya lililoweza kuingia bila kuvunja hesabu za mikopo.

Nilikifahamu kisa hiki kwa sababu kamati ya usimamizi ya chama iliniomba niwasomee mkataba wao na wataalamu na niwaambie wamefungwa wapi. Baadaye waliniruhusu nikiandike, kwa sharti kwamba chama na wahusika wasitajwe. Nakiandika kwa urefu kwa kuwa nimeona hali ya namna hii Mbeya mjini, Iringa na Njombe pia, na kila mara watu hutafuta mwizi au mzembe wa kumlaumu. Hapa hapakuwa na mwizi wala mzembe. Palikuwa na vijana hodari waliochukua kazi ya watu wengi wa dunia, wakaiboresha, kisha wakabaki nayo peke yao.

Msimu na ratiba

Mkulima wa kahawa wa Mbozi hapati pesa kila mwezi. Anahitaji mkopo wa mbolea na dawa mvua zinapoanza, anahitaji mwingine wa kulipa vibarua wa kuchuma, na mavuno yenyewe yanakwenda takribani kuanzia Juni hadi Oktoba. Fedha huja kahawa ikishauzwa, mara nyingi kwa mafungu mawili: malipo ya awali, halafu salio baada ya mnada. Katikati ya hapo anaishi kwa mahindi, maharage na biashara ndogondogo.

Sasa mpe mtu huyo mkopo wenye rejesho sawa la kila mwezi. Akikopa Desemba, ikifika Februari daftari linamwonyesha kama mdaiwa sugu, ilhali kwa makubaliano yake na chama yuko sawa kabisa na atalipa yote Oktoba. Zamani hilo lilimalizwa kwa busara ya mhasibu, ambaye aliwajua watu wake na kuandika kwa penseli pembeni. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 iliziingiza SACCOS kwenye leseni na taarifa za kupeleka Tume ya Maendeleo ya Ushirika, na katika taarifa hizo mkopo uliochelewa ni mkopo uliochelewa. Chama kikaonekana kina mikopo chechefu mingi kuliko hali halisi. Ndipo viongozi wakatafuta mfumo.

Walichokifanya vijana

Kazi ilikwenda kwa kampuni ya vijana watatu, wahitimu wa vyuo vya Mbeya, waliokuwa wamepanga chumba kimoja Mafiati, mjini Mbeya. Walichagua Fineract, na walichagua vizuri. Programu hiyo ilianza kama Mifos, mradi wa Grameen Foundation uliolenga taasisi za mikopo midogo. Mwishoni mwa 2015 ikaingia kwenye uangalizi wa Apache Software Foundation, taasisi inayosimamia miradi ya programu huria, na mwaka 2017 ikawa mradi kamili wa huko. Haina ada ya leseni. Inajua akiba, hisa, mikopo, vikundi, matawi. Kwa chama ambacho wauzaji wengine walikuwa wanakitajia bei za kutisha, huo ulikuwa mlango wa neema.

Tatizo la msimu walilitatua kwa kuingia ndani ya moyo wa programu. Walifungua msimbo, yaani maandishi ya programu yenyewe, unaotengeneza ratiba ya marejesho wakaandika hesabu yao ya kahawa humo humo. Waliongeza safu kwenye jedwali la mikopo ili kuhifadhi jina la AMCOS (chama cha ushirika cha kuuza mazao) ya mkulima na makadirio ya mavuno yake. Walibadilisha kanuni inayoamua mkopo umechelewa lini. Mafaili ya kubadilisha hifadhidata yanapewa namba kwa mfuatano, nao wakayapa ya kwao namba zilizofuata palepale mradi mama, yaani Fineract yenyewe, ulipokuwa umeishia.

Ilifanya kazi. Msimu wa kwanza ulipokwisha, taarifa ya mikopo ilifanana na hali halisi, na mwenyekiti alisimama kwenye mkutano mkuu akiwa na takwimu alizoziamini. Nalisema hili mapema ili msomaji asidhani nawadharau. Waliielewa biashara ya chama vizuri kuliko wauzaji wote waliokuja na tai.

Wakaamua kutomwambia mtu. Walihofia washindani wa mjini Mbeya, na hofu hiyo ilikuwa na msingi, kwani SACCOS nyingine za kahawa zingeweza kuhudumiwa kwa kazi ileile na mtu asiyeitolea jasho. Leseni iliwaruhusu. Fineract iko chini ya leseni ya Apache, toleo la pili la mwaka 2004, ambayo inakuacha uchukue, ubadilishe, uuze, bila sharti la kurudisha. Hiyo ni tofauti na leseni ya GPL iliyoandikwa na Richard Stallman mwaka 1989, ambayo ukimpa mtu programu uliyoibadilisha, unapaswa kumpa na msimbo wake kwa masharti yaleyale. Vijana wa Mafiati hawakuvunja kifungu chochote.

Kisha yule aliyeandika hesabu ya ratiba akapata kazi Dar es Salaam. Aliondoka kwa amani, wakaagana vizuri. Maelezo ya kwa nini hesabu iliandikwa vile yalibaki kichwani mwake, na mengine kwenye jumbe za sauti za WhatsApp ambazo simu mbili kati ya tatu zilikwisha kuzifuta. Miezi michache baadaye tangazo la usalama likatoka. Wawili waliobaki wakajaribu kuingiza toleo jipya, wakakuta zile namba walizojipa mradi mama umezitumia kwa mambo mengine kabisa, na mafaili ya mikopo yamebadilika kiasi kwamba kila mstari wao uligombana na mstari wa mtu mwingine. Walichoweza kufanya ni kufunga sehemu ya kupandisha mafaili na kuitoa seva kwenye intaneti ya wazi. Kama hatua ya dharura ilikuwa sahihi. Chama hakikuweza kuishi hivyo, kwa sababu matangazo ya namna ile yataendelea kutoka.

California, mwanzoni mwa 1995

Kwa kukielewa kisa hiki, mtu ninayemrejea mara nyingi ni Brian Behlendorf, mmoja wa waanzilishi wa seva ya Apache, programu ya kuendeshea tovuti. Kilichowapata wao kinafanana na cha Mbozi kwa namna ya kushangaza.

Mwaka 1994 seva iliyotumika zaidi kuendeshea tovuti duniani ilikuwa ile ya NCSA, kituo cha Chuo Kikuu cha Illinois. Mwandishi wake, Rob McCool, aliondoka pale katikati ya mwaka huo. Kazi ikasimama. Wenye tovuti waliendelea kuitumia, kila mmoja akirekebisha kasoro alizokutana nazo na kuongeza alichohitaji, kwenye nakala yake. Behlendorf, aliyekuwa na umri wa miaka 21, alikuwa akiendesha seva za HotWired, tovuti ya jarida la Wired huko San Francisco, naye alikuwa na marekebisho yake. Kila mmoja wao alikuwa na Mbozi yake.

Walichofanya ni kuandikiana. Behlendorf na Cliff Skolnick waliweka orodha ya barua pepe, ambapo ujumbe wa mmoja huwafikia wote, kwenye mashine moja California, na mwisho wa Februari 1995 watu wanane walikuwa wamekubali kuunganisha marekebisho yao kuwa programu moja. Wengine walikuwa Marekani, wengine Uingereza. Toleo la kwanza la hadharani lilitoka Aprili 1995, toleo la 1.0 likatoka tarehe 1 Desemba mwaka huohuo, na kabla ya mwaka mmoja kutimia tangu hapo Apache ilikuwa imeipita NCSA kwa idadi ya tovuti.

Hoja ambayo Behlendorf ameishikilia tangu wakati huo ni ya mfanyabiashara zaidi kuliko ya mhubiri. Wale wanane hawakuwa wanatoa sadaka. Kila mmoja alikuwa na tovuti ya mwajiri wake ya kuendesha kesho asubuhi, na aliona kuwa marekebisho yakiwa ndani ya programu ya pamoja, hatalazimika kuyapachika upya kila toleo linapobadilika. Anayerudisha kazi yake anapunguza mzigo wake mwenyewe. Hilo ndilo lililowapita vijana wa Mafiati. Walidhani kurudisha ni kugawa mali, kumbe walikuwa wanajilimbikizia deni ambalo kila toleo jipya la Fineract liliongezea riba.

Kuna upande wa pili wa msimamo wake, ambao watu huuona kama unapingana na huo. Behlendorf anaitetea sana haki ya kujitenga: kwamba mtu yeyote asiyeridhika na wanaoongoza mradi aweze kuchukua msimbo wote akaenda kuanzisha wake. Kwake haki hiyo ndiyo inayowazuia viongozi wa mradi kugeuka madikteta, kwa kuwa wanajua watu wanaweza kuondoka na kila kitu. Naafiki. Chama cha Mbozi kilinufaika nayo moja kwa moja, maana hakuna muuzaji aliyeweza kuwazimia mfumo. Lakini haki ya kujitenga ina gharama ya kuitunza nakala yako maisha yake yote, na kundi linalojitenga kwa makusudi hujipanga kwa gharama hiyo. Vijana hawa hawakukaa siku yoyote wakaamua kuiacha Fineract. Walikuwa wanatatua tatizo la kahawa, mstari kwa mstari, mpaka siku moja wakajikuta wako peke yao.

"Muhtasari uko wapi?"

Kikao cha kwanza nilichohudhuria kilikuwa kwenye ofisi ya chama, siku ambayo umeme ulikatika tangu asubuhi. Mwenyekiti, mzee aliyewahi kuwa mwalimu, aliwasikiliza vijana wawili wakieleza kwa heshima kwamba hawajui sababu ya baadhi ya hesabu zilizomo kwenye mfumo.

"Wanangu, mlipoamua kuiandika hivyo mlikaa kikao?"

"Tulikaa, Mzee. Tuliongea."

"Na muhtasari uko wapi?"

Hapakuwa na muhtasari. Mzee akainuka, akafungua kabati la chuma, akatoa mafaili ya mikutano ya miaka na miaka: nani alipendekeza, nani aliunga mkono, nani alipinga na kwa sababu gani. Hakusema kwa ukali. Alitaka tu kuelewa inakuwaje chama kinachotakiwa na sheria kuandika muhtasari wa kununua viti kiendeshwe na hesabu ambazo hakuna aliyeandika zilivyoamuliwa.

Nilimwambia kwamba swali lake ndilo msingi wa jinsi miradi ya Apache inavyoendeshwa, na mpaka leo naona alilielewa jambo hilo haraka kuliko wanaprogramu wengi ninaowafahamu. Katika miradi ile uamuzi ambao haukupita kwenye orodha ya barua pepe unahesabiwa kama haukufanyika. Hata kama watu watatu wamekutana hotelini wakakubaliana, wanapaswa kurudi kuuandika ili wasiokuwepo waone na wapinge. Kura zinapigwa kwa maandishi, jumlisha moja kwa anayekubali, toa moja kwa anayekataa, na anayezuia badiliko la msimbo lazima atoe sababu ya kiufundi. Bila sababu, pingamizi lake halina nguvu. Toleo jipya linahitaji angalau kura tatu za kukubali. Kwa kawaida kura inaachwa wazi kwa saa 72, na sababu yake inahusu jiografia: saa tatu asubuhi hapa Mbeya, kule California wakati wa baridi ni saa nne usiku wa jana yake. Kura ya saa chache ingekuwa kura ya bara moja.

Hata historia ya kuwa na taasisi inafanana na ya ushirika. Mwaka 1998 IBM ilitaka kuiweka seva ya Apache ndani ya bidhaa zake, ikakutana na kundi la watu wanaoandikiana barua pepe bila kuwa na chombo cha kisheria. Mkataba utiwe saini na nani? Mwaka uliofuata, 1999, Apache Software Foundation ikasajiliwa. Mzee alicheka kwa furaha niliposimulia hilo. Wao pia, kabla ya usajili, waliwahi kurudishwa na benki kwa swali hilohilo.

Kugonga mlango wa mradi mama

Pendekezo langu kwa kamati lilikuwa moja: vijana wasiruhusiwe kuandika tena mstari wowote wa kuunganisha kabla hawajawauliza wenye Fineract. Walisita. Mmoja alikiri kwamba Kiingereza chake cha kuandika humtia aibu, mwingine alihofia kuulizwa kwa nini walikaa kimya muda wote. Mhadhiri mmoja wa Mbeya aliwasaidia kunyoosha barua.

Barua ya kwanza haikufika mbali. Waliambatanisha mabadiliko yote kwa mkupuo mmoja, maelfu ya mistari, wakiomba yapokelewe. Jibu lilitoka India ndani ya saa chache, la adabu na fupi: hakuna anayeweza kukagua furushi hilo, tuelezeni kwanza tatizo mnalotatua. Walichukia kidogo. Mimi niliona hilo ndilo swali bora walilowahi kuulizwa kuhusu kazi yao.

Wakaandika upya, safari hii bila msimbo hata kidogo. Walieleza kalenda ya kahawa ya Mbozi: lini mkulima anakopa, lini anachuma, malipo ya awali yanakuja lini, salio linakuja lini, na kwa nini deni lisihesabiwe limechelewa kabla ya mnada. Majibu yalikuja usiku wao wakiwa wamelala. Fineract tayari ina kipindi cha msamaha, ambapo mkopaji haanzi kulipa mtaji mpaka muda fulani upite. Tayari ina mpangilio wa marejesho yasiyolingana, unaowekwa kwenye bidhaa ya mkopo bila kugusa msimbo. Na taarifa za ziada, kama jina la AMCOS na makadirio ya mavuno, zina mahali pake: unaweza kutengeneza majedwali ya ziada yanayounganishwa na mkopo, na toleo jipya likija haliyagusi.

Sehemu kubwa ya kazi yao, basi, ilikuwa imekwisha kufanywa na watu wengine. Kijana mmoja alikaa kimya siku nzima baada ya kusoma barua hiyo, na nilimwelewa. Ila jambo ninalotaka msomaji aliangalie ni kwamba habari hiyo ilikuwa inapatikana tangu siku ya kwanza, kwa bei ya barua pepe moja. Walijificha ili kulinda siri ambayo haikuwa siri.

Kilichobaki cha kweli kilikuwa kidogo, nacho kilikuwa na thamani. Walitengeneza jaribio la kiotomatiki: mkopo wa kubuni unaotolewa Desemba, wenye pengo refu bila rejesho, mafungu mawili ya malipo mwishoni, na hakikisho kwamba katika pengo lile mkopo hausomeki kama umechelewa. Jaribio la namna hii likipokelewa na mradi mama linafanya kazi ambayo kampuni ya watu wawili haiwezi kuifanya. Mtu wa Bangalore au Mexico akibadilisha kitu kesho na badiliko lake likavuruga ratiba ya aina hii, jaribio linagoma palepale, na yeye ndiye anayetakiwa kulitatua kabla kazi yake haijapokelewa. Mkulima wa Mbozi anapata walinzi ambao hawajawahi kumsikia. Kwangu hii ndiyo faida kubwa kuliko zote za kurudisha kazi, na ni nadra sana kuisikia ikielezwa kwenye semina zetu, ambako programu huria hunadiwa kwa neno moja tu: bure.

Niongeze hapa kwamba umbali haukuwasumbua kama nilivyotarajia. Git, ambayo Linus Torvalds aliiandika Aprili 2005 kwa ajili ya wanaoitengeneza Linux, humpa kila mtu historia nzima ya mradi kwenye kompyuta yake. Umeme ukikatika na bando likiisha, wenye betri waliendelea kufanya kazi na kulinganisha mabadiliko, wakaja kutuma jioni. Kifaa kilichotengenezwa ili watu wasihitaji kutegemea seva moja ya katikati kimewafaa watu wa Mbozi pengine kuliko walio kwenye intaneti isiyokatika.

Majina ya wanachama

Wazee wa kamati walikuwa na hofu nyingine, na walikuwa na haki nayo. Mama mmoja, mweka hazina, aliuliza waziwazi: "Mnapeleka madeni yetu kwa Wahindi na Wamarekani wakayasome?"

Alijibiwa kwamba kinachokwenda ni kanuni ya hesabu, si hesabu ya mtu. Jibu hilo ni sahihi kama waandishi wako makini, na hapa nusura lisiwe sahihi. Nilipoomba nionyeshwe kila faili litakalotumwa, tulikuta kwamba data ya majaribio waliyoitumia tangu mwanzo ilikuwa imenakiliwa kutoka kwa wanachama halisi, majina, namba za simu na kiasi cha mikopo. Kulifuta faili lile kusingetosha. Historia ya Git inakumbuka kila kilichowahi kuwekwa, na yeyote anayepokea historia hiyo anaweza kurudi nyuma akakisoma. Ilibidi waanze tawi safi, yaani nakala mpya ya kazi, kutoka kwenye msimbo wa mradi mama, waandike jaribio upya kwa watu wa kubuni, na nakala yao ya zamani ibaki kwenye mashine za chama peke yake.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamgusa kila anayeshika taarifa za watu kwa namna hii. Nadhani kila timu ya Nyanda za Juu Kusini inayotaka kuchangia miradi ya dunia ianzie hapa kabla ya kuanza kujifunza adabu za kuandika barua pepe.

Nani analipa

Hapa ndipo ninapotofautiana kidogo na wanaoeleza ushirikiano wa dunia kama meza ambayo wote wameikalia kwa usawa. Saa 72 zinatosha kwa mtu wa Berlin. Kwa mtu ambaye umeme wake umekatika siku mbili, na barua yake lazima ipitie kwa mhadhiri kwanza kwa ajili ya lugha, hazitoshi. Mlango uko wazi, lakini ngazi za kuufikia hazilingani.

Na kuna suala la fedha. Miradi hii inategemea watu ambao wengi wao hawalipwi kwa kazi hiyo mahususi. Desemba 2021 dunia nzima iliona matokeo yake pale udhaifu wa Log4j, maktaba ya msimbo ya Apache iliyotunzwa na watu wachache wa kujitolea, ulipotikisa makampuni makubwa na serikali. Wakati huo Behlendorf alikuwa ameshika uongozi wa OpenSSF, jumuiya ya kulinda usalama wa programu huria. Mei 2022 alikwenda kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Marekani, na mwezi huohuo OpenSSF ikatoa mpango wa takribani dola milioni 150 kwa miaka miwili. Ujumbe wake unafika hadi Vwawa: anayetumia anapaswa kubeba sehemu ya gharama ya kutunza.

Lakini kwa SACCOS ya wakulima sehemu hiyo ni ipi? Vijana walitumia wiki kadhaa kuandika jaribio, kujibu maswali na kurekebisha walichoambiwa. Mkataba wa zamani haukuwa na hata mstari mmoja wa kulipia muda huo. Wao walilipwa kwa "mfumo", kana kwamba mfumo ni kabati linaloletwa mara moja.

Mkataba mpya

Mkataba niliosaidia kuuandika una mambo machache. Hitaji lolote jipya linaandikwa kwanza kwa Kiswahili na chama chenyewe, likionyesha kalenda na mfano wa hesabu ya mwanachama wa kubuni. Kabla ya kuandika msimbo, vijana wanauliza kwenye mradi mama kama hitaji hilo limekwisha kutimizwa. Kilicho cha huku kwetu tu, kama sura ya taarifa za Tume, kinajengwa pembeni na kuongea na Fineract kwa mlango wake rasmi, bila kuingia moyoni. Sababu ya kila uamuzi inaandikwa mahali msimbo unapokaa, na nakala ya karatasi inaingia kwenye kabati la chuma. Toleo jipya la mradi mama linaingizwa ndani ya muda uliopangwa, na mapema zaidi kama linahusu usalama.

Kifungu kimoja bado kinabishaniwa: sehemu ya ada ya mwaka itengwe kulipia muda wa vijana wanapofanya kazi za mradi mama zinazokihusu chama. Mweka hazina anapinga. Anauliza kwa nini wakulima wa Mbozi walipie kitu ambacho SACCOS ya Kilimanjaro itakipata bila kutoa shilingi. Mwenyekiti anasema SACCOS hiyo ikikuta kasoro na kuirekebisha, Mbozi nayo haitatoa shilingi. Wamekubaliana suala liende kwenye mkutano mkuu likapigiwe kura, na mimi nimeomba nisiwe na sauti huko.

Chama sasa kiko kwenye toleo linalopokea marekebisho ya usalama. Yule kijana wa Dar es Salaam naye amerudi kwa njia ambayo hakuna aliyeipanga. Katika miradi ya Apache heshima anayojijengea mtu ni yake binafsi na haimilikiwi na kampuni aliyoifanyia kazi, kwa hiyo kubadilisha mwajiri hakukumfungia mlango. Alipoona mjadala wa ratiba ya kahawa kwenye orodha, aliandika maelezo marefu ya kwa nini aligawa marejesho vile, na maelezo hayo sasa yanasomeka na mtu yeyote.

Chama kingine, cha wakulima wa chai Rungwe, kimekwisha kuwapigia vijana simu kikitaka mfumo kama wa Mbozi. Chai inachumwa karibu mwaka mzima na mkulima hulipwa kwa mwezi, kwa hiyo mpangilio wa kahawa hautawafaa. Vijana wamewaomba waandike kwanza kalenda yao kwenye karatasi, na hawajafungua kompyuta.